Nyuma ya Picha za Kaka

Tarehe 3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepungua kuuma na saa za watu unazotengeneza hazijakuzidi mezani. Sisi wazima, isipokuwa mimi, ambaye ni mzima wa mwili tu.

Jambo hili sijamwambia mtu. Nilijaribu kuliandika kwa lugha ya shuleni, likatoka kama insha, na utangulizi na hitimisho lake. Basi naliandika kwa lugha ya nyumbani, ambayo haina pa kujificha. Zile picha tatu nilizotia kwenye bahasha yetu si zangu. Ni za kaka.

Uliponiingiza kwenye kundi la picha ulisema sheria ni moja. Bahasha inazunguka kwa watu saba, kila mtu anatia picha aliyoipiga mwenyewe, na nyuma ya picha za wenzake anaandika kilichomvuta, kilichomkwaza, na ambacho yeye angefanya. Ikikurudia, unatoa yako ya zamani na maneno ya watu nyuma yake, unatia mpya. Mimi nimekuwa nikitia za kaka, kutoka kwenye boksi la viatu lililo chini ya kitanda chake. Ya tatu imenirudia juzi, na sikutia nyingine.

Unajua aliacha kupiga picha mwaka jana. Hujui kwa nini. Alileta mezani ile picha ya mama akivua viatu mlangoni baada ya zamu. Baba akasema nzuri. Mama akasema nzuri, ila ungeniambia nijipake mafuta kwanza. Mimi nilikuwa kwenye simu, nikasema nzuri sana, bila kuinua kichwa. Kaka akaniuliza, "Mama ameshika nini?" Sikujua. Akasema, "Basi hujaiona," akaiviringisha kamera ndani ya sweta. Tangu siku hiyo hajaitoa. Anashusha matairi ghalani, na akirudi anaangalia ukuta.

Nilitaka apate watu wa kumwangalia kazi yake, kwa kuwa mimi nilishindwa. Nao wameangalia, Shangazi. Kwenye ile picha ya ngazi, mwenzetu Fundi Viatu ameandika: "Kivuli kimenishika mguu. Ndoo ya buluu imeniibia jicho. Ningeisogeza kwanza." Mwalimu wa Hesabu: "Anatutazama toka juu, kama mtu aliye dirishani. Ningeshuka mpaka magotini." Nimeyasoma mpaka nimeyakariri. Sikujua kuna watu wanaoweza kukaa na kitu cha mtu wasiyemjua namna hii.

Nifanye nini?

Mwanao,
Kitinda


Tarehe 15 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba. Mgongo uko palepale, tumezoeana. Msalimie baba yako, mwambie dada yake bado anapumua hata kama yeye hapigi simu.

Nilijua tangu picha ya kwanza. Wewe unanifika begani, mwanangu. Picha zile zimepigwa na mtu anayeona vumbi lililo juu ya kabati. Nilinyamaza nione utafika wapi, na hilo ni kosa langu, maana wenzetu wametoa macho yao kwa imani. Mwalimu wa Hesabu huandika kwa penseli, anafuta, anaandika tena, asije akamvunja moyo mtoto wa shule. Kumbe anamsemesha mwanamume mwenye ndevu.

Ile ya mama yako ilipofika kwenye bahasha niliikalia siku nne, wateja wakangoja saa zao. Ameshika kiatu kimoja kama mtu anayekipima uzito, haamini kwamba alitembea nacho kutwa nzima. Kuona hivyo hakufundishwi. Lakini na mimi nilimwandikia kwamba ukingo wa mlango umepinda, kwa sababu umepinda.

Maneno yale ni mali yake. Mpe. Usimpe kwa hotuba, wewe na hotuba hamjuani. Kisha uwaambie wenzetu ukweli kwa mkono wako.

Shangazi yako


Tarehe 2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Natumaini nawe hujambo.

Nimempa, ila kwa woga wangu. Nilizipanga picha tatu kitandani mwake, maandishi yakiwa juu, nikakimbilia shule. Siku ya tatu, tukiwa tunaosha vyombo, akaniuliza:

"Huyu Fundi Viatu ni nani?"

"Ni fundi viatu."

"Ana kiburi."

Akasugua sufuria moja mpaka nikaionea huruma. Halafu akasema, "Ndoo ile haisogezwi. Ukiitoa ndoo, ngazi hiyo haina mtu anayeipanda." Nikacheka, nikadhani tumepatana. Akaniuliza mimi niliandika wapi. Nikamwambia mimi sikuandika, jina lililo juu ya picha ni langu, sikuweza kujiandikia. Akaweka sufuria chini taratibu. "Kwa hiyo umewatafuta watu wasionijua, ili wewe usilazimike kuniangalia."

Tangu hapo ananipita kama anavyoipita meza. Na alichosema ni kweli.

Kitinda


Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nina kikohozi kidogo, si cha kuandikia barua.

Anayebishana kuhusu ndoo hajaacha kupiga picha. Lakini hilo ni lake. Lako ni jingine: bahasha inakufikia mwezi ujao. Safari hii tia ya kwako, hata ikiwa mbaya. Tutaisema ubaya wake vizuri.

Shangazi yako


Tarehe 20 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekwisha. Nimekawia kwa sababu nilikuwa nangoja niwe na la kusema.

Bahasha imefika. Nimetia barua kwa wenzetu, nikawaomba radhi, nikasema zile tatu ni za nani. Nimeandaa na picha yangu, ya soksi kwenye kamba. Niliiacha mezani, kando ya bahasha ambayo pembe yake iliyochanika nilikuwa nimeitia gundi. Leo nimeigeuza, nimekuta mwandiko wa kaka nyuma yake: "Nimependa ile moja isiyo na mwenzake. Ila umesimama mbali kama mgeni. Soksi haziumi. Ningesogea mpaka nione aibu, kisha hatua moja zaidi."

Na ndani ya bahasha kuna picha nisiyoijua, jina lake yeye juu. Kumbe ndiyo maana Jumamosi alirudi na suruali nyeusi magotini, mama akamuuliza kama siku hizi anasujudia matairi. Ameipiga kutoka sakafuni, kupitia tundu la tairi. Ndani ya duara mwenzake wa kazini amekaa, anafunga kamba za viatu.

Nimeiangalia tangu saa nane mpaka saa kumi. Simu iko jikoni. Kidole cha mwenzake kimefungwa plasta, na ndicho kinachobana fundo, huku vingine vyote vimepumzika. Nimeliandika hilo nyuma ya picha, la kwanza. La pili nimeandika kwamba mlango wa ghala upande wa kulia umewaka jua mno, jicho langu lilitorokea nje mara mbili kabla halijarudi. Nimeliandika kwa sababu umewaka. La tatu nimeliandika sasa hivi: mimi ningengoja wingu lifunike jua, na sijui kama ningekuwa na subira ya...

Nasikia viatu vyake kwenye ngazi, Shangazi. Barua hii naitia ndani ya atlasi. Picha naiacha mezani, maandishi yakiwa juu, na mimi sikimbii.