Nilipowaambia Wanaume wa Kanisa

Jumapili usiku, Githongo

Nimesema, na sikufa! Nilisimama mbele ya wanaume wa kanisa nikawaambia nina depresheni. Niliwaeleza vile nilikosa usingizi, nikashindwa hata kuchuma kahawa yangu, mpaka daktari akanipa dawa na kuniambia niache pombe, nilale mapema na nitembee kila asubuhi.

Jirani yangu Mutwiri akaangua kicheko. "Mwalimu, hiyo ni ugonjwa ya watu wa Nairobi!"

Wengine wakacheka naye. Iliniuma, sitajidanganya. Niliketi nikitamani nisingefungua mdomo.

Lakini jioni nilimkuta Mutwiri huyo huyo langoni kwangu, kofia mkononi.

"Mwalimu, hiyo kitu ya kukosa usingizi... huwa inaanza aje?"

Nilimkaribisha uji. Aliongea mpaka giza likaingia. Hajamwambia hata mke wake kwamba halali, na hilo linanitia wasiwasi. Amekubali nimpeleke kwa daktari, na kesho asubuhi tutatembea pamoja.

"Lakini usiniharakishe," akasema, akijishika kitambi. "Huyu pia lazima tumngoje."

Nilicheka kwa sauti kubwa hadi mke wangu akatoka jikoni kuangalia ni nani anayecheka.