Mguu wa Mama na Somo la Usasa

Dada yangu mpendwa,

Natumaini mstari huu unakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu watukutu. Mimi mwili haujambo, moyo ndio hauko mahali pake.

Mama bado yuko wodini. Kile kidonda cha sukari kimeugeuza mguu wa kulia kuwa mweusi hadi kwenye kifundo, na daktari anasema usipokatwa wiki hii sumu itapanda mwilini, tutampoteza. Mama amekataa katakata. Nikamwahidi cherehani ya umeme, asiyohitaji kukanyaga kama ile yake. Akacheka, akasema za umeme humkimbiza mshonaji, na yeye hajawahi kukimbizwa na chombo chake mwenyewe.

Tatizo ni mimi, dada. Muhula huu nafundisha usasa pale chuoni, na mihadhara yote niliifanyia mazoezi sebuleni huku Mama akishona. Nilidhani hasikilizi. Kumbe kameza yote: kwamba mtu wa kisasa hujiamulia kwa akili yake, hata wakubwa wakinuna. Sasa ananirudishia neno kwa neno, mbele ya wauguzi! Nikajitetea kwamba wapo wanafalsafa wa siku hizi wanaoyapinga hayo, wanaosema hakuna anayejiamulia peke yake, sote tumeshikana. Akaniuliza mbona hao sikuwahi kuwataja mpaka mguu wake ulipoanza kuoza.

Sasa nikwambie ninalolizungukazunguka. Jana nilimfuata daktari ofisini kwake, nikamwambia akili za Mama zimeanza kuchanganyika, kwa hiyo niruhusiwe kuamua kwa niaba yake. Ulikuwa uongo mtupu. Nilitaka aishi, basi.

Daktari akaja kitandani kumpima kwa maswali. Mama akajibu yote, siku, mwezi, hata hesabu za kutoa, na mara moja akagundua kwa nini anaulizwa. Mwisho akaulizwa huyu aliyesimama hapa ni nani. Akamwambia daktari kwamba ni mwanawe, anaogopa sana, wasimkasirikie.

Kesho wanamruhusu arudi nyumbani na mguu wake. Njoo, dada. Sijui uje ufanye nini, lakini njoo.

Wape wote salamu zangu, na wakubwa uwashikie miguu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba