Katuni ya Watu Wazima

Rongai, Machi 2008

Dada Chepkemei,

Usinikasirikie kwa kukaa kimya hivi. Kila nikishika kalamu, mtoto analia. Tuko salama hapa kambini kwa waliokimbia ghasia za uchaguzi, ila mume wangu Kiptum hajaonekana tangu Januari.

Jana tuliletewa sinema. Kusikia ni katuni, tukakalisha watoto mbele wacheke. Kumbe ni ya watu wazima: mzee wa kuchorwa anampakulia chakula mkewe aliyekufa, halafu anakula peke yake. Watoto wakasinzia, sisi kina mama tukalia. Kibet wangu tu ndiye aliyebaki macho.

“Mama, anangoja nani?”

“Hangoji mtu. Amezoea tu kupakua sahani mbili.”

Nitumie blanketi, sabuni, na ile suti ya Kiptum iliyobaki kwako. Nitaikata nimshonee Kibet suruali.

Mdogo wako,
Jebet