Helikopta Ndani ya Eda

Jumatatu, 4 Machi 1968

Hamid,
Leo nimeunga mkia wa helikopta yetu ya plastiki. Bado vipande kumi na viwili. Nakisugua kila kimoja kwa msasa, natia gundi, nakishika huku nikihesabu mpaka mia, kama ulivyonionyesha. Wewe uliwahi kumbandika rubani tu kwenye kiti chake. Gundi ilikuzidi. Alama ya kidole gumba chako imeganda mgongoni mwake. Nikitia kioo cha mbele sitaigusa tena. Kioo kitakuwa cha mwisho.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Nimeikumbuka senema ile. Tulikaa mbele mno, shingo zikatuuma. Mpelelezi alipodandia helikopta ulinibana mkono hadi ukafa ganzi. Kesho yake ukaanza kulisaka boksi hili la helikopta ya kuunda mji mzima. Ulilipata Ramadhani. Ukasema tutaiunda baada ya Idi.

Mzigo ukakatika kamba kazini kwako, bandarini Malindi, ukakuangukia. Idi hukuiona.

Jumatano, 20 Machi

Siku mbaya. Mama yako alipanda kuniletea uji. Akasimama mlangoni, akanusa.

"Umo edani, na chumba chanukia! Wajipambia nani?"

Mjane hajitii manukato mpaka eda iishe. Najua. Ni gundi, ina harufu tamu kama ndizi zilizoiva sana. Helikopta nilikuwa nshaisukuma chini ya kitanda. Niliona haya kumwambia. Mtu mzima, nimefiwa, nachezea plastiki.

Uji ulipoa.

Alhamisi, 4 Aprili

Mama yako amemwambia kaka yangu. Kaka kaja kutoka Mkokotoni, hata kuketi hakuketi.

"Mwanamme gani anakuja hapa, Asha? Nambie mwenyewe kabla sijaambiwa na watu."

Nimeapa. Hakuniamini. Amelala kwa jirani. Nimechoka kuogopa.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimewaita wote wawili. Nimeiweka helikopta juu ya mkeka, nikafungua gundi, nikampa Mama yako anuse.

"Ndizi," akasema.

Kaka akatazama ukuta. "Basi tumegombana kwa ajili ya mdoli wa ndege?"

Mama hakucheka. Alikuwa kamuona rubani.

"Kidole hiki cha nani?"

Nikamwambia. Akaipakata mpaka adhana ya magharibi, kidole chake juu ya chako. Nilitaka anirudishie. Sikuthubutu kumwomba.

Jumatatu, 22 Aprili

Eda imekwisha. Nimeoga, nimevaa kanga mpya. Nyumba ni ya kwenu, kwa hiyo naondoka. Kaka yuko chini, gari ya Mkokotoni haikawii.

Mama kaniomba radhi. Kisha akaniomba helikopta. Nimempa. Nilikuwa na mkono wako mzima miaka sita. Yeye sasa ana alama ya kidole tu.

Kioo sikukibandika, ili apate kuigusa alama yako. Nimekifunga kwenye pindo la kanga. Naenda nacho.

Nikumbuke, Hamid.