Stesheni ya Mombo Mezani

Lushoto,
Jumapili.

Mama, shikamoo. Natumaini miguu imetulia na joto la huko Mnazi halikuchoshi. Sisi huku juu wazima, ila baridi ya mwaka huu inatafuta mifupa. Mdogo wangu Twaha akusomee taratibu, asiruke mistari kama kawaida yake.

Mama, nimenunua treni. Usicheke. Ni treni ndogo ya umeme, behewa lake urefu wa kiganja, inazunguka juu ya meza kubwa yenye milima ya magazeti na gundi. Aliitengeneza Mzee Eliaichi, yule aliyekuwa mkuu wa stesheni ya Mombo. Anahamia kwa mwanawe na hana pa kuiweka. Nikaona wageni wa nyumba yangu ya kulala wataifurahia siku za mvua.

Unanijua, sinunui kitu kwa macho. Niliingia chini ya meza na tochi kutafuta mchwa. Hakuna, mbao ni za mkulo, mti ambao mchwa hawaugusi. Reli zilikuwa na kutu, nikazisugua. Injini tatu, moja imekufa. Halafu nikafunga mabehewa yote kumi na mawili na kuyajaza misumari, maana ikiwa tupu hata treni mbovu inapita. Kwenye kona ya mlimani likaanguka la tisa. Mzee akasema huyu si mnunuzi, ni mkaguzi wa reli aliyechelewa miaka thelathini. Nikamjibu kwamba mimi nilianza kuuza mapeasi stesheni kwake nikiwa na miaka kumi, peke yangu, sina mtu nyuma, kwa hiyo kibovu nakijua. Unayajua maneno hayo, Mama. Nimeyasema hata mbele ya wageni wako: kwamba ulinituma Mombo kama gunia.

Tabu ikawa mlango. Meza ina upana wa mita moja na nusu, mlango sentimita themanini. Lazima ikatwe. Nikapiga mstari wa chaki penye nyaya tatu tu za kukata, katikati ya stesheni ya Mombo ya mezani. Mzee akanishika mkono. Akasema nikate popote, lakini pale niangalie kwanza.

Jukwaani kuna binti wa udongo, beseni kichwani, mdogo kama punje ya hindi. Nikacheka, nikamwambia beseni hilo langu. Mzee akanionyesha nyuma ya tangi la maji: mwanamke wa kanga nyekundu, amejibanza. Nikauliza ni nani. Akashangaa kwamba sijui.

Akasema ni wewe, Mama. Kwamba kila siku ya treni ulishuka kutoka kwetu Soni nyuma yangu kwa njia ya mkato, ukasimama pale mpaka beseni liishe, kisha ukapanda haraka unitangulie nyumbani. Alipokuuliza mbona hujitokezi, ulimjibu kwamba nikikuona tu nitakukabidhi beseni.

Kweli kila nilipofika nilikukuta jikoni unahema, nikadhani ni moshi.

Meza tumeikata penye shamba lake la mkonge, nyaya kumi na moja, fundi ananung'unika mpaka leo. Ahsante, Mama. Imechelewa kuliko treni yoyote, lakini imefika.

Msalimie wifi yangu Rukia na watoto. Ijumaa gari litakuja kukuchukua. Yule mwanamke wa kanga nyekundu nimembandua nyuma ya tangi, nimemsimamisha jukwaani kando ya binti yake. Njoo umwone.

Mwanao,
Husna