Mpaka Mjomba Atikise Kichwa

Chumba cha Nyuma,
Kiwanda cha Kufulia,
S.L.P. 418.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Mwalimu,

Pokea salamu za mtu ambaye asipofika kazini, kiwanda kizima hakiwaki. Hujambo? Watoto wazima? Kile kifua kimekuachia? Sisi wazima, ila usingizi umenihama.

Hapa naitwa Profesa. Fundi mgeni akimwaga Kiingereza, mimi ndiye ninayewatafsiria wenzangu, na yeye mwenyewe hunisikiliza asije akakosea lugha ya kwao. Hakuna anayegusa swichi mpaka nitikise kichwa.

Basi wiki iliyopita fundi akapaza sauti: "Ran." Ran ni kukimbia, hata mbuzi anajua. Nikawatimua watu wote hadi barabarani, mbele kabisa nikiwa mimi na kitambi changu. Kumbe alitaka tuwashe mashine. Mfua mablanketi akaniuliza, "Profesa, leo ni kipindi cha michezo?" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikasema nilikuwa nawapima mbio.

Lakini tangu siku hiyo kichwa hiki kimekuwa kizito. Binamu yako, kifungua mimba wangu, ndiye anayelaza shuka kwenye mashine ya kupiga pasi. Mikono yake yote inaingia chini ya bamba la moto. Hamtazami fundi, ananitazama mimi. Je, siku fundi akisema ran kwa maana ya kimbieni, nami nikaelewa washeni? Neno gani hilo lina kazi mbili na halibadili hata nguo?

Mwezi ujao inaletwa mashine mpya, kubwa kama nyumba yenu. Fundi alinieleza habari zake kirefu. Niliitikia "yesi" kila alipopumua, alipocheka nikacheka. Sijui nimekubali nini. Naogopa, mwanangu.

Nimemwambia binti asinitazame tena. Akadhani natania: "Baba, sasa nimtazame nani?"

Wewe unafundisha Kiingereza. Niandikie maneno yote yenye tabia hiyo, na kila moja maana zake zote, kabla mashine haijafika.

Nisalimie dada yangu, mama yako, na shemeji mshona viatu. Mungu aitunze mikono yenu nyote.

Ni mimi nikupendaye,
Mjomba Profesa

N.B. Tuma na kamusi. Hii ninayotembea nayo kwapani nimeifungua jana kwa mara ya kwanza. Ni ya Kifaransa.