Kikohozi Kwenye Kanda ya Bibi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo humo kwenye nyumba ya bibi. Sisi wazima, ila mama goti linamsumbua kwa ngazi za chumba tulichopanga.

Kazini, kwenye maktaba ya chuo kikuu, naingiza kwenye kompyuta kanda za zamani za mahojiano ya wazee, nikiondoa makelele. Jana nilifikia ya bibi. Anamtaja mama, anasema, "Nyumba hii ni ya binti yangu." Papo hapo mtu anakohoa mara tatu, vilevile unavyokohoa wewe.

Si ulituapia kuwa bibi alikufa bila kuacha neno kuhusu nyumba? Na juzi kwenye simu, mbona uliuliza kama kanda hizo hufutwa?

Nimeondoa sauti za jogoo, mlango na upepo. Kikohozi nimekiacha.

Mpwa wako mwenye masikio.